Saa ya Sechelela

Nyuma ya kadi ya kliniki, kwa wino wa bluu,
muuguzi Sechelela aliandika:
mtoto wa Hansa, wa kike, kilo tatu kasoro,
saa nne usiku.
Ilikuwa Novemba. Mwezi mpevu umekaa ubavuni mwa Kilimia,
na huko Chamwino watu wamekwisha safisha mashamba,
wanaingoja mvua isiyo na haraka.

Usiku wa sita nikawekewa karatasi tupu na kalamu nyekundu
ili Vidhata apite, aniandikie maisha.
Asubuhi karatasi ilikuwa tupu vilevile.
Mama akaikunja, akasema: ameandika.

Saa yangu ikasafiri kwa stempu ya twiga
hadi Jamnagar, kwa mzee wa majedwali
asiyetujua kwa sura, anayetujua kwa nyota.
Wiki saba nikabaki mtoto wa Hansa.
Kisha jibu: Krittika, robo ya tatu.
Herufi, U.

Shangazi Kusum akaja na treni kutoka Manyoni,
maana kwetu jina ni haki ya shangazi, baba husikiliza tu.
Watoto wanne wa Uhindini wakashika pembe nne za kitambaa,
nikabembezwa kati ya kaunta na magunia ya karanga.
Jani la mpipali halikupatikana,
likawekwa la mkuyu, binamu yake.
Shangazi akainama sikioni:
Urvi.

Darasa la kwanza tuliimba a, e, i, o, u
hadi chokaa ikadondoka ukutani.
Nani angeniambia kwamba Krittika ndicho Kilimia,
na kwamba Kilimia kina irabu zake nne,
a, i, u, e,
ile o wamepewa nyota jirani?

Nina miaka arobaini na moja nilipoomba kuingizwa.
Nimefunga tangu jana, nywele bado zinadondosha maji.
Guru akauliza ukoo, akauliza nyota, akauliza saa.
Nikamtolea kadi kutoka kopo la biskuti la Mama.
Akaisoma. Akamgeukia msaidizi wake, mzaliwa wa Kondoa:
saa nne ya wapi hii?
Ya hapa, Guruji.
Hapa usiku huanza kuhesabiwa jua likizama.

Kukawa kimya, moto ukila samli.
Kumbe Jamnagar walisoma saa nne za baada ya usiku wa manane.
Saa sita zimezidi. Na mwezi, kwa saa sita,
hutembea robo moja ya nyota:
silabi moja, kamili.
Nilikuwa wa I.

Ila, shangazi akasema kwenye simu, sauti imechakaa.
Ningekuita Ila, kama bibi yangu.
Ni dunia, maana yake.
Na Urvi je? Nayo ni dunia.
Basi nimekosewa kutoka udongo hadi udongo.
Lakini katika lugha ninayoiotea ndoto
ila ni doa, ila ni isipokuwa.
Namsikia mwalimu anafunga daftari la mahudhurio:
wote wapo, ila Ila.

Guru alinifunika shuka, akanong'ona sikio la kulia.
Kama alisahihisha, sisemi.
Neno lile halitoki mdomoni,
ndivyo nilivyoapa, ndivyo nitakavyokufa nalo.

Jumapili nikaenda Chamwino na zabibu kilo mbili.
Sechelela anaona kwa jicho moja, anapepeta uwele.
Nikamweleza yote: mwezi, robo, Jamnagar, herufi.
Bibi, wewe ndiye uliyenipa jina.
Akapuliza makapi, akacheka kidogo.
Mimi? Mimi niliandika saa tu.
Na sasa ni saa ngapi, mwanangu? Nina kuku wa kufungia.

Nikatazama jua, si simu.
Kumi na mbili, nikamjibu.